Njia ya ziwani: Kagunga hadi Kibirizi kwa miguu

Na mwandishi wetu



Mwezi uliopita binti yangu wa darasa la tano alikuja na kazi ya nyumbani. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni: "Eleza siku uliyokwenda matembezi." Mtoto akakaa na daftari mpaka taa ya sola ikaanza kufifia. Nilipochungulia nikakuta mistari minne tu: alikwenda na mama yake kwenye mgao, wakapanga foleni, unga ukawa pungufu, wakarudi. Nikamwambia, "Hayo si matembezi, mwanangu." Akanijibu, "Papa, mimi nimeenda wapi kwingine?"

Nilinyamaza. Amezaliwa hapa hapa. Njia anazozijua ni tatu: ya bombani, ya shuleni na ya mgao. Ya nne ni ile ya kuni, ambayo tumemkataza, na kila mzazi anayesoma ukurasa huu anajua kwa nini. Kwa mtoto huyu njia ni kitu cha kupita haraka na kurudi kabla ya giza. Hajawahi kupita mahali kwa sababu tu ni pazuri.

Basi jioni ile nikaanza kumsimulia njia moja niliyoipita mimi kabla sijafika kambini. Kesho yake jirani mmoja akasikia, akasema, "Eh, hiyo mbona mimi naijua!" Keshokutwa wakawa watu sita uani kwangu. Kumbe wengi tumepita huko, kila mtu kipande chake na mwaka wake. Tukapasua boksi la mafuta ya mgao, tukaligeuza upande usioandikwa kitu, tukachukua mkaa, tukaanza kuchora.

Njia yenyewe ni ya miguu. Inafuata ukingo wa Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, kutoka Kagunga kwenye mpaka wa Burundi, kupitia Zashe, Bugamba na Mwamgongo, inapita chini ya milima ya Gombe, halafu Mtanga na Kalalangabo, mpaka Kibirizi karibu na mji wa Kigoma. Ni vijiji vya wavuvi vilivyobanwa kati ya maji na mlima. Nyumba zinaanzia mchangani na kupanda mteremko, na nyuma yake ni michikichi na mashamba ya muhogo yaliyosimama kama ukuta. Mwaka 1996 nilipofika, hapakuwa na gari ufukweni pale. Ulipanda boti au ulitumia miguu.

TULIVYOTUA MWAMGONGO

Nilikuwa na miaka 17. Vita ilipofika kwetu upande wa Fizi tuliondoka usiku, mimi, mama na mdogo wangu, ndani ya boti iliyojaa kupita kiasi. Katikati ya ziwa mashine ikazima. Wanaume wakapiga kasia, upepo ukatusukuma unakotaka wenyewe, na asubuhi tukajikuta mbele ya kijiji tusichokijua. Ndiyo Mwamgongo. Wengine katika safari kama zile walishukia Kibirizi moja kwa moja, wakaandikwa majina na kupelekwa kambini. Sisi tulikaa wiki tatu kwa mvuvi mmoja, kwa sababu miguu ya mama ilikuwa imevimba, hawezi hata kusimama.

Yule mvuvi alikuwa na mtoto wa kiume wa umri wangu. Siku moja akamtuma Kigoma kwa miguu kufuata nyuzi za kushonea nyavu, akaniambia niende naye, pengine nitampata mjomba wangu kati ya watu walioshuka. Tuliondoka alfajiri tukiwa na muhogo wa kuchemsha na ndagala (wenyeji wanasema dagaa) ndani ya kitambaa.

Nusu saa ya kwanza nilitembea kama mkimbizi, yaani kwa kukimbia-kimbia na kugeuka nyuma. Yule kijana akacheka. Akaniuliza, "Unafukuzwa na nani?" Sikuwa nimejua kwamba nafanya hivyo. Akanifundisha kutembea polepole, mguu ukikanyaga mchanga ulioloa pale pale wimbi linapoishia, maana mchanga mkavu unachosha sana na mawe ya juu yanateleza.

Njia ile haina mwenyewe mmoja. Asubuhi ile tulipishana na wakina mama wenye mabeseni ya dagaa vichwani, wakienda kuuza. Wavuvi wakirudi na karabai zao zimezimwa. Mwanafunzi mwenye viatu mkononi. Mzee aliyebeba dumu mbili za mawese kwenye mti begani. Baadaye tukakutana na mzungu mwenye darubini shingoni aliyetusalimia kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Watu wote hao na ukanda wa mchanga ambao mahali pengine una upana wa hatua mbili tu. Nikamuuliza mwenzangu, nani anampisha nani? Akasema ni rahisi: mwenye mzigo ndiye mwenye njia, na asiye na mzigo anaingia majini. Tuliingia majini mara nyingi siku ile.

Kuna sehemu miamba inaingia ziwani na njia inaacha mchanga. Hapo unapanda, unashika mizizi, unashuka upande wa pili. Na kuna vijito, vingi sana, vinavyotoka mlimani. Wakati wa kiangazi unavuka kwa hatua tatu. Mvua ikinyesha juu unakaa kungoja, na hata mtu mwenye haraka anangoja.

CHINI YA MSITU WA GOMBE

Ukitoka Mwamgongo kwenda kusini unaingia mara moja kwenye Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Bonde la kwanza ni Mitumba. Mbele yake kuna Kasekela, kilipo kituo cha watafiti, halafu Kakombe lenye maporomoko ya maji, halafu Mkenke na mengine. Ni hifadhi ndogo, lakini imesimama wima. Ziwa liko meta 773 juu ya bahari, na vilele vya nyuma vinapita meta 1,500. Watu wa vijijini wamekuwa wakipita ufukweni toka zamani, na zamani hizo wavuvi walikuwa wakipiga kambi pale pale mchangani siku za giza la mwezi, wakaanika dagaa. Lakini kugeuka kuingia msituni ni jambo jingine. Msituni unaingia na mwongozaji, kwa kulipia, na kwa masharti.

Mwenzangu alinipa masharti ya ufukweni kabla hatujafika. Usile mbele ya nyani. Usioneshe kitambaa cha chakula. Usimtazame dume machoni. Mimi nilikuwa na njaa, nikafungua kitambaa kidogo tu, nikidhani hawajaniona. Nyani mmoja alishuka kwenye mti kama mtu aliyeitwa jina lake, akachukua kitambaa chote, akaenda kukaa juu ya jiwe na kula muhogo wetu taratibu huku akitutazama. Binti yangu alipofika hapa katika hadithi alicheka mpaka akalala chini. Miaka yote hii sikuwahi kumwambia jambo la kuchekesha kutoka mwaka 1996. Nilidhani halipo.

Sokwe hatukuwaona, tuliwasikia tu juu mlimani. Hao ndio walioifanya Gombe ijulikane duniani. Julai 1960 msichana Mwingereza wa miaka 26, Jane Goodall, alifika kuwachunguza, akiwa na mama yake, kwa sababu wakubwa wa serikali ya wakati ule hawakukubali akae porini peke yake. Miezi michache baadaye aliona sokwe akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa nalo. Kabla ya hapo wataalamu walisema kutengeneza kifaa ni kazi ya binadamu tu. Mama huyo alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91.

Jambo moja katika habari zake linatuhusu sisi zaidi. Yeye na mama yake walipofika Kigoma mwaka ule walikuta mji umejaa wakimbizi waliovuka ziwa kutoka Congo. Walikuwa Wabelgiji! Congo ilikuwa imepata uhuru Juni 30, 1960, na baada ya siku chache wazungu wakaanza kukimbia. Mama na binti wakangoja, na katika kungoja wakasaidia kupaka mikate nyama ya kopo kwa ajili ya hao wakimbizi. Mzee mmoja wa hapa mtaani nilipomsomea habari hii alikaa kimya, halafu akauliza kama na wao walipangishwa foleni.

Kuna habari nyingine isiyotupendeza sana watu wa Fizi, lakini ni lazima isemwe. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka kutoka ng'ambo yetu usiku wakateka vijana wanne waliokuwa wakifanya utafiti Gombe. Walikuwa wapiganaji wa PRP, kundi la Laurent-Désiré Kabila, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais. Mateka wote waliachiwa mwishoni. Baada ya hapo watafiti wa nje hawakuweza kukaa pale kwa uhuru kama zamani, na wanaume wa vijiji vya jirani, waliokuwa wasaidizi tu, ndio wakaendelea kuwafuata sokwe kila siku na kuandika kila kitu. Nikiwaza jinsi familia ya Mwamgongo ilivyotupokea, miaka 21 tu baada ya wenzetu kuja pale na bunduki, naona haya kidogo.

Masharti ya msituni yana sababu. Sokwe wanaambukizwa magonjwa ya watu. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, ule ule ambao watoto wetu wanapewa matone, uliua baadhi yao na kulemaza wengine. Ndiyo maana mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, watoto wadogo hawapelekwi, na hata mzima anasimama mbali.

Nje ya hifadhi hali ilikuwa tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukitazama kutoka angani ulikuwa unaona hifadhi ya kijani na kuzunguka kwake vilima vitupu. Watu walikuwa wameongezeka, mashamba yamepanda mteremko, kuni zinahitajika, na ndiyo, wakimbizi tuliongeza idadi. Mvua ikinyesha udongo ulishuka mpaka kijijini. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE na vijiji: vitalu vya miche, majiko yanayotumia kuni chache, maji, afya, kahawa kule juu Kalinzi. Baadaye vijiji vyenyewe vikakaa vikao vya kupanga ardhi na kuacha sehemu za mteremko ziwe msitu wa kijiji. Mteremko ukiachwa visiki vinachipua vyenyewe. Mmoja wetu aliyepita 1993 na mwingine aliyepita miaka mingi baadaye walibishana sana uani, huyu anasema mlima wa nyuma ulikuwa mweupe, yule anasema una miti. Wote walikuwa sahihi.

Tulifika Kibirizi jua limezama. Mjomba sikumpata siku ile. Lakini nakumbuka nililala juu ya gunia la dagaa nikiwa nimechoka vizuri, kama mtu aliyetoka shambani kwake.

KIPANDE CHA KAGUNGA

Upande wa kaskazini, kutoka Mwamgongo kwenda juu, sikuupita. Hapo tulimtegemea jirani yetu Mrundi, mama ambaye tunachota naye maji bomba moja toka 2015.

Wengi mnakumbuka Kagunga ya mwezi wa tano mwaka ule. Kijiji kidogo cha ufukweni kilipokea makumi ya maelfu ya watu kwa wiki chache. Walilala mchangani, nyuma yao mlima, mbele yao maji, wakanywa maji hayo hayo ya ziwa. Kipindupindu kikaingia. Wagonjwa walifika kama 3,000, na watu takribani 30 wakapoteza maisha. Meli ya Liemba ilikuja kuwachukua, watu kama 600 kila safari, na kwa vile Kagunga haikuwa na gati walipelekwa melini kwa mitumbwi. Kutoka Kigoma wakapakiwa mabasi kuja kambini.

Mama huyu alifika Kagunga na watoto watatu akaondoka na wawili. Hilo hatukulijua. Miaka yote hii ya kuchota maji pamoja hatukulijua. Jioni ile alikuwa amekaa kando akimenya maharage, hasemi kitu. Tulipofika kaskazini ya Bugamba mkaa ukasimama, hakuna aliyejua. Akafuta mikono, akachukua mkaa, akachora ufukwe, akachora mlima mkali sana na njia inayopanda kwa kupinda-pinda, akasema wenye nguvu walipanda hapo kwenda juu. Halafu akaweka alama pembeni na kusema hapo ndipo alipomwacha mtoto wake wa katikati.

Tulikaa kimya muda mrefu. Mwishowe yeye mwenyewe akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Hii Kagunga mmeichora imeshikana na huko kwingine. Si kisiwa?"

Alikuja usiku kwa boti. Akaondoka kwa meli, akiwa amemfunika mtoto mgonjwa na kitenge, haoni kitu. Katika akili yake Kagunga ilikuwa mahali katikati ya maji, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kufika tena. Mzee mmoja kutoka Uvira, ambaye zamani alifanya biashara ya mawese huko, ndiye aliyemjibu. Akamwambia, "Hapana mama, ni nchi kavu. Mimi nimetembea kutoka Kagunga mpaka Mwamgongo na mzigo, mara nyingi. Njia ipo. Watu wanapita kila siku." Akamwonesha kwa kidole, kijiji kwa kijiji, mpaka Kibirizi, halafu Kigoma mjini, halafu Kasulu, halafu hapa tulipo. Mama akarudia majina yale baada yake, mara mbili, kama mtu anayejifunza namba ya simu.

KWA WANAOTAKA KUJARIBU NA WATOTO

Nisieleweke vibaya. Simwambii mtu atoke kesho kwenda Gombe. Sheria ya mkimbizi kutoka kambini tunaijua sote, na tafadhali karatasi ya kwenda hospitali isigeuzwe karatasi ya matembezi, maana anayeumia ni mgonjwa anayefuata. Ninachosema ni hiki cha boksi na mkaa. Kinawezekana uani kwako leo.

Anza na mahali unapopajua kwa miguu yako mwenyewe, si pale ulipopita kwa gari. Waulize watoto maswali: hapa kuna kijito, tunavukaje? Hapa anakuja mama na beseni, nani anampisha? Wazee waachwe wabishane, usiwakatize, kwenye ubishi ndiko yanakotoka mambo mazuri. Na akitokea mtu akanyamaza kwenye sehemu fulani, mwache anyamaze. Mkaa uwe karibu naye tu.

Pia tumeanza kitu kidogo mtaani kwetu. Jumapili alasiri tunawachukua watoto kuzunguka ndani ya kambi, njia ndefu, bila ndoo wala gunia. Mara ya kwanza wakubwa kidogo walituuliza kama kuna mgao mpya. Mtoto wangu sasa anakataa kabisa kubeba kitu siku hiyo, hata kama mama yake anaomba alete chumvi. Hapo kidogo tumegombana.

Insha aliiandika upya. Akaeleza safari kutoka Mwamgongo hadi Kibirizi kama vile yeye ndiye aliyekwenda: vijito, mzee wa mawese, na nyani akampa kurasa nzima moja. Mwalimu alimpa 13 kwa 20 na kuandika kwa wino mwekundu: "Nzuri. Lakini je, ulikwenda kweli?" Anataka mimi niende shuleni kujibu.

Ramani yetu imetundikwa ukutani kwangu, nyumba ya pili baada ya bomba. Sehemu kati ya Bugamba na Zashe bado ni tupu. Yule mzee wa mawese anasema kuna miamba miwili hapo, mama jirani anasema alisikia ni mmoja. Mwenye kuijua aje, jioni yoyote isipokuwa siku ya mgao. Mkaa upo.